Kuchagua programu ya CRM kwa timu ya mauzo: anza na simu ya anayezunguka juani

Kwanza niseme CRM ni nini kwa lugha ya dukani, mana watu wanaliogopa jina tu. Ni kaunta buku ya wateja ambayo watu wote wa mauzo wanaandika humohumo, kwa simu, na bosi anaisoma bila kumpigia mtu saa tatu usiku. Nani kauliza bei, profoma (karatasi ya bei kabla hajanunua) alipewa lini, kasema atarudi lini, nani anamfuatilia. Basi. Mengine yote, sijui dashibodi za rangi, sijui akili mnemba inayobashiri mauzo ya mwezi ujao, ni mapambo juu ya hiyo kaunta buku, na kama yenyewe haiandikwi hayo mapambo yanapamba hewa.

Mimi nasimamia timu ya watu saba. Tunauza pampu za maji, mabomba na sola za visima, ofisi iko Gerezani hapa Kariakoo. Watano wako njiani muda wote, Dodoma, Morogoro, Mbeya, Kanda ya Ziwa na mmoja wa Dar na Pwani, wa sita anakaa na simu ofisini, wa saba ndo mimi. Tumeshanunua mfumo tukautupa, tukanunua wa pili ndo tuko nao mpaka leo, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia ada.

Ule wa kwanza tuliununua kwa sababu ya demo, yaani maonyesho ya muuzaji. Jamaa alikuja na laptopu na projekta, chati zinacheza ukutani, bosi akafurahi, hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia hebu ifungue kwenye simu. Kumbe fomu ya mteja mpya ina sehemu 19 za lazima. Sasa mtu wetu wa Dodoma yuko Kibaigwa, kasimama na mkulima, jua la saa saba, mkono mmoja brosha mwingine simu, na mfumo unamuuliza sekta ya kampuni, idadi ya wafanyakazi, namba ya faksi. Faksi! Akaanza kujaza "hana". Mwisho wa mwezi nafungua ripoti nakutana na wateja wengi tu wanaitwa Hana, wa kampuni ya Hana, mji Hana. Taarifa za kweli zilikuwepo lakini, zimeandikwa vizuri kabisa kwenye kaunta buku yake ya jalada jekundu, ndani ya begi, kilomita mia nne kutoka ofisini.

Kwa hiyo twende hatua kwa hatua, ila nakuonya mapema hatua mbili za mwanzo hazina programu ndani yake.

Hatua ya 1: Chukua profoma tano za zamani, funga laptopu

Chagua mbili zilizouzika, mbili zilizopotea, na moja ambayo hakuna anayejua iliishia wapi (utaipata tu, usijali). Keti na aliyeiandika, muulize mteja alikujaje, aliuliza nini, nani alimpigia baada ya hapo, siku ngapi zilipita. Andika kwenye karatasi kama ilivyokuwa, usiandike kama bosi anavyodhani ilikuwa.

Sisi moja iliyopotea ilikuwa ya shule. Mwalimu mkuu alichukua bei ya pampu na mabomba, akasema bodi inakaa tarehe 15 atatujibu. Tarehe 16 hakuna aliyempigia, tarehe 20 hakuna, tumekuja kumkumbuka mwezi unaisha akasema jamani si mlikaa kimya, tumeshachukua kwingine, bei yao hata ilikuwa juu kidogo. Hapo ndo tukajua shida yetu ni kukumbushwa. Ripoti tulikuwa nazo za kutosha, hata wateja walikuwepo, hatukuwa na kitu cha kupiga kelele tarehe 16 asubuhi.

Wewe yako inaweza kuwa ingine. Kuna timu shida ni watu wawili kumpigia mteja mmoja na kila mmoja anampa bei yake, kuna timu mtu akiacha kazi anaondoka na wateja wote kwenye laini yake binafsi, kuna timu bosi hajui hela ya mwezi ujao inatoka wapi. Chagua shida moja iliyokubana kuliko zote, iandike juu ya karatasi, mana muuzaji wa programu akija atakuletea shida zake ambazo yeye ana dawa yake.

Hatua ya 2: Taja hatua za mteja kwa maneno ya ofisini kwenu

Zisizidi sita. Zetu ni hizi: Kauliza, Kapewa profoma, Anasubiri hela, Kalipa advansi, Mzigo umetoka, Kaenda kwingine. Programu nyingi zinakuja na majina yao ya Kizungu ambayo mtu wa mauzo anakisia tu maana, lakini karibu zote zinakuruhusu ubadilishe, badilisha. Ile "Anasubiri hela" ni ya kwetu kabisa, mana mkulima hela yake iko shambani, atalipa akivuna, na ukimweka kundi moja na mtu anayebishana bei utakuwa unamsumbua bure mpaka akuchukie.

Hapohapo jiulize kama unahitaji CRM kweli. Kama mko wawili watatu na wateja wanaofuatiliwa hawafiki mia, WhatsApp Business ni bure, ina lebo mpaka 20 unazoweza kubandika kwenye chati za wateja, ongeza na Google Sheets moja yenye safu ya "mpigie tarehe ngapi", unafika mbali tu. Nimewaona watu wananunua mfumo wa watu hamsini kwa duka la watu watatu, baada ya miezi miwili aliyebaki anaufungua ni fundi aliyeufunga.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka mzima, usiangalie bei ya mwezi

Programu hizi karibu zote zinauzwa kwa kichwa, yaani kila mtu anayeingia analipiwa kila mwezi, na kwa dola. Alafu bei kubwa iliyoandikwa pale mbele mara nyingi ni ya anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo, ukitaka kulipa mwezi kwa mwezi inapanda. Chukua mfano dola 14 kwa mtu ukilipa mwaka, dola 20 ukilipa mwezi. Watu saba mara 14 ni dola 98, mara 12 ni dola 1,176. Kwa mwezi mwezi inakuwa 140 mara 12, dola 1,680. Tofauti dola 504, na hapo hujauliza kama kodi imo au bado, VAT ya kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, asilimia 18 ya 1,176 ni kama dola 212 nyingine.

Ongeza vitu ambavyo havipo kwenye karatasi ya bei: bando la kila mtu njiani, makato ya benki ya kulipa nje kwa kadi, fundi wa kuunganisha na mfumo wenu wa hesabu, na siku mbili timu nzima inakaa darasani haiuzi. Sasa linganisha na faida ya pampu moja. Kwetu ilionekana ukiokoa profoma chache tu kama ile ya shule mfumo umejilipa, ndo bosi akakubali. Kama kwako hesabu haikubali, rudi kwenye Google Sheets na wala usione aibu.

Swali dogo lakini muhimu, kadi inayolipa ni ya nani? Isiwe ya kijana wa IT. Akiacha kazi anaondoka na kadi, malipo yanagoma, mfumo unafungwa Jumatatu asubuhi.

Hatua ya 4: Chuja zibaki tatu

Kumi zitakuchanganya. Hizi ndo wengi huku wanakutana nazo, nakupa na maoni yangu humohumo.

Zoho CRM ni ya Wahindi wa Chennai, ina toleo la bure la watu watatu, na wana mdogo wake anaitwa Bigin ambaye ni mwepesi zaidi, kwa timu ndogo mimi ningeanzia hapo kutazama. Zoho yenyewe kubwa ina vitu vingi mpaka unapotea, utahitaji mtu wa kukaa nayo wiki moja azime zime visivyotakiwa.

HubSpot ni ya Marekani, ina zana za bure na inapendeza macho, rahisi kujifunza. Mambo mawili tu. Ukitoka kwenye bure na ngazi ya chini, bei za juu zinaruka kwelikweli, soma kabla hujaizoea. Na inamtambua mteja mmoja na mwingine kwa imeili kimsingi, sasa wateja wetu wa pampu wenye imeili wanahesabika kwa vidole, mtu wa huku kitambulisho chake ni namba ya simu, kwa hiyo ulinzi wa kuzuia mteja kuandikwa mara mbili haukusaidii sana. Kwa anayeuzia maofisi na mashirika hiyo si shida.

Odoo ni ya Ubelgiji, CRM ni chumba kimoja kwenye nyumba kubwa yenye stoo, ankara, manunuzi. Kuna toleo la wazi la bure, yaani msimbo wake uko hadharani, unaloweza kufunga kwenye seva yako, ile kompyuta ya kuhifadhi mfumo. Kama shida yako ni kwamba mauzo hawajui stoo ina nini, hii ina maana. Lakini bure ya Odoo ni kama kiwanja cha bure, bado unamlipa fundi, na fundi mzuri ana foleni. SuiteCRM nayo ni ya wazi na bure, hesabu yake ni hiyohiyo ya fundi na seva.

Pipedrive ilianzia Estonia, haina toleo la bure la kudumu, ni majaribio tu, ila imetengenezwa kwa ajili ya mauzo peke yake na inaonekana, mteja ni kadi unaiburuta kutoka hatua moja kwenda nyingine. Salesforce ndo baba lao tangu 1999, kwa timu ya watu saba wa pampu ni kununua fuso kubebea mkate. Benki na kampuni za simu sawa.

Pia kuna programu za vijana wetu wa hapahapa. Usizidharau, wana kitu kimoja hao wakubwa hawana, unaweza kwenda ofisini kwao. Muulize tu wateja wake wawili unaoweza kuwapigia, na kama yeye akifunga biashara data yako unaipataje.

Hatua ya 5: Jaribio la sekunde thelathini

Hii ndo hatua ninayoomba usiiruke hata kama zingine umeruka. Nyingi zinatoa majaribio ya wiki mbili hivi bila kulipa. Chukua watu wawili, mmoja anayependa simu na mmoja anayezichukia, na huyu wa pili ndo wa maana. Sisi tulimchukua mzee wetu wa Kanda ya Ziwa, muuzaji hatari, anajua mafundi visima wote kuanzia Sengerema mpaka Bunda, simu yake ni Android ya bei ya chini, kioo kimepasuka pembeni, nafasi imejaa picha za wajukuu.

Nikamwambia mzee, shikamoo, naomba umuingize fundi huyu hapa: jina, namba, anataka pampu gani, umpigie lini. Nikawasha saa. Programu ya kwanza haikuingia hata kwenye simu, nafasi hakuna. Ya pili dakika mbili na nusu, na katikati ikamtoa ikataka alogini upya, akasema mwanangu hii nitakufa nayo. Ya tatu sekunde 40 mara ya kwanza, siku ya tatu alikuwa sekunde 20 na kitu. Mashindano yaliishia hapo, zile jedwali zangu za kulinganisha vipengele nilizokesha nazo sikuzifungua tena.

Wakati wa majaribio ingiza wateja wa kweli, msicheze na majina ya uongo, alafu pima haya:

- Zima data kisha andika mteja. Mtandao ukirudi, alichoandika kipo au kimeyeyuka? Nje ya barabara kuu hili litatokea kila siku.
- Ingiza namba moja kwa mitindo miwili, mara ikianza na 0, mara na +255. Inakuambia mteja huyu yupo, au inakubali wote wawili kimyakimya?
- Ingiza "Mama Asha Hadiwea Mbagala" kama ulivyomsevu kwenye simu. Kadhaa, Salesforce na Zoho zikiwemo, zinalazimisha jina la ukoo. Mama Asha ukoo wake nani anaujua? Amueni mapema, sisi hapo tunaweka jina la duka.
- Tafuta "Mbagala". Mama Asha anatokea?
- Weka kikumbusho cha kesho saa tatu asubuhi. Kesho saa tatu simu imelia kweli, au imetuma imeili ambayo hakuna anayeisoma?

Kipimo hicho cha mwisho kimewaangusha wengi niliowasifia hapo juu, mpaka tukaenda kwenye setingi za simu zenyewe kuruhusu apu isizimwe na kile kitu cha kubana betri. Kwa hiyo ikigoma usiitupe kabla hujaangalia huko.

Hatua ya 6: Uliza habari ya WhatsApp mpaka uelewe

Mazungumzo yote ya mauzo huku yako WhatsApp, kila muuzaji wa programu atakuambia "tunaunganisha na WhatsApp", na hiyo sentensi ina maana tatu tofauti. Inaweza kuwa kitufe tu cha kufungua chati ya mteja, hicho ni bure na kwa wengi kinatosha. Inaweza kuwa njia rasmi ya API ya Meta, yaani mlango ambao wenye WhatsApp wenyewe wanaufungulia programu zingine, hapo mazungumzo yanaingia ndani ya mfumo lakini kuna malipo ya meseji unazoanzisha wewe, na uliza kabla hujagusa kitu kama namba yako itaendelea kufanya kazi kwenye apu ya kawaida au itahama moja kwa moja. Au inaweza kuwa vile vijanja vya kuskani msimbo kama WhatsApp ya kwenye kompyuta, si rasmi, na siku WhatsApp wakiibloki namba ambayo wateja wameisevu miaka sita utalia peke yako. Ya tatu mimi siigusi.

Hatua ya 7: Jua mlango wa kutokea kabla hujaingia

Ukiwa bado kwenye majaribio, pakua wateja wako wote kwa faili la CSV, orodha ya maandishi tu ambayo Excel inaifungua. Yatoke yote, pamoja na maelezo ya mazungumzo na tarehe, sio majina na namba tu. Kama kutoa data ni mpaka uandikie sapoti barua, kaa mbali.

Na sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ambayo wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa wajisajili. Wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019. Majina na namba za wateja ni taarifa binafsi, na seva za programu hizi nyingi ziko nje ya nchi, kwa hiyo muulize muuzaji data inakaa nchi gani, muulize na mwanasheria wenu swali moja hilo. Pia usijaze usichokihitaji, namba ya NIDA ya mtu anayeulizia bei ya bomba ya nini?

Ndani ya mfumo panga nani anaona nini. Mtu wa Mbeya aone wateja wa Mbeya, kupakua orodha nzima abaki nayo msimamizi. Na laini za simu ziwe za kampuni, hapa CRM haiwezi kukusaidia kama mteja amesevu namba binafsi ya muuzaji aliyehamia kwa mpinzani.

Hatua ya 8: Kuhamia

Usihamishe kila kitu. Tulikuwa na Excel ya majina karibu elfu mbili, tukachukua walionunua au kuuliza ndani ya mwaka mmoja tu. Na angalia hapa, Excel ina tabia ya kula sifuri ya mbele ya namba ya simu, na namba ndefu ya 255 inaigeuza kuwa kitu kama 2.55712E+11, ukiingiza faili hilo bila kuangalia umepoteza namba zote na hutajua mpaka mtu apige. Fanya ile safu iwe maandishi kabla hujabandika kitu, kisha jaribu kuingiza wateja kumi kwanza.

Siku ya kuanza tuliweka sheria mbili. Mauzo ambayo hayapo kwenye mfumo hayana kamisheni, hiyo wote waliielewa ndani ya dakika moja. Ya pili ilikuwa ya bosi, kikao cha Jumatatu kinaendeshwa mfumo ukiwa wazi ukutani na yeye haruhusiwi kuuliza "yule wa Kahama vipi" bila kufungua kadi ya yule wa Kahama. Kusema ukweli bosi ndo alitusumbua kuliko mzee wa Kanda ya Ziwa. Wiki tatu za mwanzo alikuwa bado anapiga simu usiku, na kila akipiga yule muuzaji anajisemea sasa nimejaza ya nini.

Mwisho weka ukumbusho kwenye kalenda siku 30 kabla ya mkataba kujirudia wenyewe, mana kadi inakatwa usiku umelala. Siku hiyo fungua orodha ya watumiaji uangalie nani hajaingia mwezi mzima. Sisi mara ya kwanza tulikuta tunamlipia kijana aliyeacha kazi miezi mitano nyuma, na akaunti yake bado iko wazi.